Mzazi Mwenye Shughuli na Kitabu Chake

Jioni hii nataka kusema nanyi kwa habari ya jambo ambalo wazazi wengi hulilalamikia, nalo ni ukosefu wa nafasi ya kusoma na kuandika. Sisemi na wanafunzi, maana wao wana kengele yao na mwalimu wa kuwahimiza. Nasema na baba na mama walio katikati ya maisha, wenye watoto wa kulisha na kuvisha, wazee wa kuwatunza, na kazi isiyokwisha kabla jua halijatua.

Ukimwuliza mzazi wa namna hiyo, "Je, wasoma siku hizi?" atakujibu, "Nilikuwa nikisoma zamani. Sasa sina nafasi." Jibu hilo si uongo, wala si la kuchekwa. Mtazame mama afanyaye biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Huamka alfajiri ili awahi mitumbwi, hununua, huchukuza, huanika, hugeuza, hupakia magunia, na jioni hurudi kwake kupika na kuwaogesha watoto. Kama nyumba yake iko juu ya vilima vya mawe, huenda bado anangojewa na ndoo za maji. Mtazame na baba alimaye pamba upande wa Magu au Kwimba. Mvua za Novemba zikianza, hana siku yake mwenyewe mpaka mbegu ziwe ardhini. Kisha huja palizi, kisha dawa ya wadudu, na kutoka mwezi wa Mei huja mavuno. Watu kama hawa wakisema hawana nafasi, yatupasa kuwasadiki.

Walakini twapaswa kuuliza swali la pili. Je, kama wangepewa nafasi, wangesoma? Nafikiri jibu tumeliona kwa macho yetu wenyewe. Kwa miaka mingi msafiri atokaye Mwanza kwenda Sengerema na Geita alilazimika kukingoja kivuko pale Kigongo. Kuvuka kwenyewe hakukuwa kwa muda mrefu sana, lakini kungoja kulikula saa nzima, na mara nyingine zaidi. Mwezi wa Juni mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa, na sasa gari huvuka kwa dakika chache tu. Huo ni muda mwingi tuliorudishiwa. Basi umekwenda wapi? Sijasikia mtu akisema ya kwamba tangu daraja lifunguliwe amesoma kitabu kimoja zaidi. Saa ile imemezwa na shughuli nyingine, kama maji ya mvua yanavyomezwa na mchanga wa ufukoni. Tena wale waliokuwa wakingoja kivuko walikuwa na nafasi tele mikononi mwao, lakini wachache mno walikuwa na kitabu mfukoni.

Hapa ndipo lilipo neno langu la jioni hii. Nafasi ya kusoma haitafutwi kama mtu atafutavyo shilingi iliyoanguka. Nafasi hutengwa, kama mkulima atengavyo mbegu kabla ya kula. Tena, kwa mtu mwenye jamaa, haitengwi na yeye peke yake. Hutengwa na nyumba nzima. Mzazi ajaribuye kusoma kwa siri, kwa kuiba dakika hapa na pale bila wenziwe kujua wala kukubali, atashindwa kabla mwezi haujaandama.

Nieleze maana yangu. Mwanamke akikaa barazani kuchambua mchele, wapitao husema, "Mama fulani yuko kazini." Mwanamke yule yule akikaa barazani na kitabu, wapitao husema, "Mama fulani amekaa bure." Mtoto humjia na kumwomba maji, mume humtuma, jirani huketi kando yake na kuanza mazungumzo, maana humwona hana kazi. Alipokuwa akichambua mchele hawakumsumbua hivyo. Kwa hiyo kinachomzuia si saa tu. Kinachomzuia ni fikira iliyo katika vichwa vya watu ya kwamba kusoma kwa mtu mzima ni njia nzuri ya kukaa bure. Mwanamume naye hana budi kuvumilia mzaha wa wenzake. Akikaa kilabuni saa mbili hapana amwulizaye. Akikaa na kitabu nusu saa, huulizwa kama anataka kuwa padre.

Fikira hiyo ikikaa katika nyumba, hakuna ratiba itakayofaa kitu. Basi jambo la kwanza ni mashauri. Baba na mama waketi, waseme wazi mbele ya watoto: "Katika nyumba hii, baada ya chakula cha jioni, kuna nusu saa ya kitabu. Katika nusu saa hiyo hatumwi mtu wala hatuiti mtu, ila kwa jambo la hatari." Tena wagawane kazi. Kama mama ndiye aoshaye vyombo kila siku, nusu saa ile haitamfikia kamwe. Itamfikia baba na watoto tu, naye atabaki akisikia kurasa zikifunuliwa huku mikono yake imo majini. Vyombo na vioshwe na wavulana na wasichana pamoja, au baba mwenyewe avioshe. Sioni aibu ndani yake. Ndoo ya maji haijui kama aliyeibeba ni mume au mke.

Pengine mtu atasema ya kwamba haya ni mambo ya watu wa mjini walio na umeme. Nami namjibu ya kwamba kanda hii ya ziwa ina habari yake katika jambo hili, na haikuanza mjini. Mwaka 1968 serikali ya Tanzania, ikisaidiwa na Unesco na Umoja wa Mataifa, ilianzisha kazi kubwa ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika katika mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa huitwa Kagera. Makao yake yalikuwa papa hapa Mwanza. Waliokuja darasani hawakuwa watu wenye nafasi. Walikuwa wakulima wa pamba na migomba, wavuvi na wafugaji, na wengi wao walikuwa akina mama, ambao wengine walikuja na watoto mgongoni. Vitabu walivyofundishwa navyo vilisema habari za kazi zao wenyewe: jinsi ya kulima pamba vizuri, jinsi ya kuvua, jinsi ya kufuga ng'ombe, jinsi ya kupika chakula kilicho bora. Darasa lilikaa chini ya mti au katika jengo lo lote lililokuwa karibu, tena katika siku chache za juma, ili shamba lisiachwe. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1972. Kisiwa chetu cha Ukerewe kilikuwa miongoni mwa sehemu chache za nchi zilizochaguliwa zitangulie kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na mwaka 1974 watu wa kanda hii walipata gazeti lao, lililoitwa "Elimu Haina Mwisho", ili waliokwisha jua kusoma wapate la kusoma.

Matunda ya kazi hiyo, pamoja na ya nchi nzima iliyofuata, yalikuwa makubwa. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili katika Tanzania hawakujua kusoma. Kufika mwaka 1986 ilihesabiwa ya kwamba wasiojua hawakutimia 10 katika kila 100. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilionyesha ya kwamba wenye kujua kusoma na kuandika walikuwa kama 78 katika 100. Najua hesabu hizi hazikupimwa kwa mizani moja, na sababu zake ni nyingi, na shule zilizopungukiwa ni mojawapo. Walakini walimu wote wa watu wazima waijua sababu moja iliyo wazi: mtu aliyejifunza kusoma, kisha asisome, husahau. Herufi ni kama njia ya porini. Ikipitwa kila siku huwa nyeupe na pana. Ikiachwa msimu mmoja, majani huifunika.

Basi, wazazi wenzangu, hatari si kwamba hatutapata anasa ya vitabu. Hatari ni kwamba tutapoteza kile ambacho baba zetu na mama zetu walikipata kwa jasho chini ya mti, baada ya kutwa nzima ya jembe. Tena watoto wetu watatuona. Mtoto asiyemwona baba wala mama na kitabu hujifunza somo moja kwa siri, ya kuwa kitabu ni kitu cha shule, na mtu akimaliza shule hukiweka chini kama mzigo. Tumtume shule miaka saba au kumi na minne, kama nyumba inamfundisha somo hilo, nyumba itaishinda shule.

Sasa niseme kwa habari ya njia. Ya kwanza ni kutazama kazi yako mwenyewe na kuona ni wapi ina nafasi ndani yake, badala ya kuiga saa za mtu mwingine. Kila kazi ina pumziko lake. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa zao hazina nguvu juu ya maji, nao hukaa nchi kavu siku kadhaa. Hizo ni siku za kushona nyavu na kutengeneza mitumbwi, lakini jioni zake ni ndefu. Mvuvi aweza kusema, "Giza ni la dagaa, na mbalamwezi ni ya kitabu." Kadhalika wale waanikao dagaa. Wakiisha kuwatandaza juu ya vichanja, hubaki mtu wa kuwalinda na ndege na kulitazama wingu la mvua. Kulinda ni kazi ya macho mawili, lakini macho hayo hayahitajiwi kila dakika. Na mkulima wa pamba, akiisha kuuza na kung'oa mabua, anayo majuma kabla ya mvua za kwanza. Hizo ndizo siku za kitabu kinene; siku za palizi zamtosha ukurasa mmoja.

Njia ya pili ni kutodharau kipimo kidogo. Mzazi mwenye shughuli hukosea anapongoja siku atakayokuwa na saa tatu. Siku hiyo haiji mpaka watoto wawe na watoto wao. Ukurasa mmoja kwa siku ni kurasa 365 kwa mwaka, na hicho ni kitabu kikubwa, ama vidogo vitatu. Haba na haba hujaza kibaba. Lililo kubwa kuliko kipimo ni kwamba kipimo kisikatike. Afadhali dakika kumi za kila siku, baada ya jambo ambalo hulifanyi kwa kusahau, kama vile kufunga mlango au kuzima moto, kuliko kutwa nzima ya Jumapili mara moja kwa miezi miwili.

Njia ya tatu ni kusoma kwa sauti. Wasukuma walikuwa na shikome, ule moto wa jioni ambapo wanaume na vijana walikaa kuota, na wazee wakafundisha kwa hadithi, mafumbo na habari za mababu. Mahali pengi moto ule umezimika, na kila mtu sasa huinamia simu yake. Kitabu chaweza kuuwasha tena. Mmoja asome, wengine wasikilize. Mama akitengeneza michembe asikilize, na bibi asiyejua kusoma asikilize, tena aulize. Mtoto aliye darasa la nne ataona fahari kuwasomea wakubwa, na mzazi aliyeanza kusahau atajikumbusha bila kuonewa haya. Kwa njia hii mzazi hachagui kati ya kitabu chake na watoto wake. Simu nayo isilaumiwe bure, maana siku hizi yaweza kubeba vitabu vingi kuliko kabati; lakini mwenye kuishika na aiamuru, isimwamuru yeye.

Nimesema mengi juu ya kusoma. Kuandika nako kwahitaji neno lake, kwa sababu wazazi wengi hufikiri kuandika ni kazi ya makarani na watunga vitabu. Si hivyo. Mithali yetu yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wakulima wa pamba wa Usukuma walijua maana ya neno hili. Katika miaka ya 1950, walipokuwa wakijiunga katika vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, malalamiko yao makubwa yalikuwa juu ya mizani ya wanunuzi. Mtu aliyevuna kwa jasho alipimiwa na mwingine, akaandikiwa na mwingine, akalipwa kwa neno la mwingine. Ushirika ule, ambao mwaka 1955 uliunganishwa katika Shirikisho la Victoria, ulisimama juu ya jambo dogo sana: watu wenu wenyewe wasome mizani, waandike kilichopimwa. Basi daftari la nyumba ni mwanzo wa kuandika. Andika ulichouza na bei yake, ulichokopesha na siku yake, siku mvua ilipoanza, siku ulipopanda, siku mtoto alipougua na dawa aliyopewa. Mistari mitatu tu. Ukiandika nusu ukurasa kila siku, daftari la kurasa 96 litajaa kwa siku 192, nawe utakuwa umeandika kitabu bila kujiita mwandishi.

Tena yako mambo ambayo hayana bei, nayo hupotea upesi kuliko fedha. Ni nani katika nyumba yako ajuaye majina ya mababu hadi wa saba? Ni nani ajuaye dawa ambayo bibi yako aliitumia, jinsi mtumbwi wa mbao ulivyoshonwa, maneno ya kumpokea bibi arusi, jina la kila jiwe mlimani? Wenye kujua hayo wazeeka, na mzazi mwenye shughuli husema, "Nitamwuliza nikipata nafasi." Mara hupata nafasi siku ya matanga, wakati wa kuuliza umekwisha.

Kwa jambo hili Ukerewe imetupa mfano ambao kila mzazi wa kando ya ziwa yafaa aujue. Aniceti Kitereza alizaliwa huko mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, kisha akaenda seminari ya Rubya katika nchi ya Wahaya. Hakuishi maisha ya mtu mwenye kukaa tu na kalamu. Alifanya kazi ya biashara Mwanza miaka mingi, baadaye akarudi kwao akaitumikia misheni ya Kagunguli. Yeye na mkewe Anna walijaliwa watoto, nao wakafiwa nao wote. Mtu mwingine angalisema, "Nimwandikie nani?" Kitereza aliona ya kwamba desturi na lugha ya Wakerewe vilikuwa vikififia, akaona watoto wa watu wote ni warithi wake. Padre mmoja wa misheni, Almas Simard, akamtia moyo. Akaandika kwa Kikerewe habari ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu waliopendana na kuteswa na utasa, hata hatimaye wakapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Ndani ya hadithi hiyo aliweka kilimo, uvuvi, utengenezaji wa pombe, uganga, posa, ugonjwa na mazishi, kama mtu ajazaye ghala kabla ya njaa. Aliimaliza mwaka 1945.

Angalieni sasa subira ya mtu huyu. Hakupatikana wa kuichapa, maana ilikuwa katika lugha ya watu wachache. Padre Simard akafariki katika miaka ya 1950, na kazi ikakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe wataalamu wawili kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, wakamshauri aifasiri kwa Kiswahili. Naye, mzee wa miaka zaidi ya 70, mwenye maumivu ya viungo, alishika kalamu tena na kuifasiri yote kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Kitereza akafariki mwaka 1981, kabla vitabu vilivyochapwa havijamfikia. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza, na hivyo watu wa nchi za mbali waweza kusoma jinsi Mkerewe wa kale alivyomposa mkewe.

Sikutaja habari hii ili kila mzazi aandike kitabu kinene. Naitaja kwa sababu yaonyesha kazi ya mistari michache isiyokatika. Kama Kitereza angalingoja nafasi, Wakerewe wasingalikuwa na ghala lile leo, na hapana tajiri awezaye kulinunua tena. Tena yaonyesha ya kwamba mwandishi huhitaji mtu wa kumwambia, "Endelea." Kwake alikuwa padre, kisha wageni wawili. Katika nyumba yako mtu huyo aweza kuwa mume, mke, au mtoto aulizaye kila jioni, "Umeandika nini leo?"

Huenda msikilizaji aseme, "Huyo hakuwa na watoto wadogo wa kumlilia." Haya, nimtaje mwingine aliyekuwa nao. Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufa mwaka 1962, wote twamjua kuwa mshairi mkuu. Lakini mkate wake ulitoka katika ukarani. Aliajiriwa forodhani mwaka 1926, akahamishwa huku na huko, akafanya kazi katika idara za serikali mbalimbali zaidi ya miaka 30. Alifiwa na mke, akabaki na watoto. Je, alifanya nini na mashaka hayo? Aliyageuza kuwa maandiko. Kwa binti yake alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, yaani mausia ya baba kwa watoto wake juu ya mwenendo mwema. Watoto hawakuwa kizuizi cha kalamu yake. Wao ndio waliokuwa sababu ya kuandika. Hii ni siri ambayo mzazi mwenye shughuli yafaa aishike. Kama huna nafasi ya kuandika kwa ajili ya dunia, mwandikie mwanao barua moja. Mweleze ulizaliwa wapi, uliogopa nini ulipokuwa na umri wake, na ni nani aliyekusaidia. Iweke katika sanduku la vyeti. Hataithamini leo, ataithamini siku utakapokuwa huwezi kumjibu.

Kabla sijamaliza niwaonye juu ya mambo mawili. La kwanza, msianze kwa kiburi cha ratiba kubwa. Nyumba iliyoamua kusoma saa mbili kila siku itaacha siku ya nne. Iliyoamua dakika kumi na tano yaweza kudumu mpaka watoto waolewe na kuoa. La pili, kukiwa na siku ya msiba, au ugonjwa, au mavuno yasiyongoja, kitabu kikifungwa siku hiyo si dhambi. Kifungueni tena kesho yake pale pale mlipoachia, bila kulaumiana. Nyumba nyingi haziachi kusoma kwa sababu zilikosa siku moja. Huacha kwa sababu zilikosa siku moja zikaona aibu kuanza tena.

Basi, Mabibi na Mabwana, shauri langu kwa nyumba yenu ni jepesi kulijaribu. Usiku huu, kabla ya kulala, semezaneni juu ya robo saa moja. Chagueni ni saa gani, nani ataosha vyombo, nani atasoma kwanza, na ni kitabu gani au gazeti gani lililo karibu. Hata kitabu cha darasa la tano chatosha kuanzia. Nunueni daftari moja la nyumba na kalamu moja, mzitundike mahali ambapo mkono wa mtu mzima utazifikia bila kutafuta. Kisha kesho andikeni tarehe na mstari wa kwanza. Kama kuna mzee karibu nanyi, mstari huo na uwe jibu la swali mtakalomwuliza.